Tumepigwa tochi ya kupima mwendo mahali nguzo ipo na kibao hakipo. Nilipe au nikatae?

Shikamoo mzee wangu,

Mimi ni mama wa biashara ndogo, naishi Lindi mjini. Nanunua ng'onda na dagaa kwa wavuvi wa huku kwetu, napeleka Ndanda na Masasi. Nina Kirikuu moja, kigari kidogo cha mizigo, na ndiyo inayolipa ada za watoto. Dereva ni kijana wa marehemu kaka yangu. Leseni anayo, na tangu nimkabidhi gari sijapata kumsikia na kesi ya barabarani.

Wiki iliyopita tulipita Mingoyo mapema asubuhi na mzigo wa kawaida. Tulipoiacha Mtama tukaingia sehemu barabara imenyooka, mikorosho huku na huku, hakuna nyumba, hakuna kibanda, hata mtu wa kuuza mbaazi mbichi hayupo. Baada ya hapo ndipo kijiji kinapoanza, na kijana alipunguza mwendo mwenyewe maana watoto walikuwa wanavuka kwenda shule. Katikati ya kijiji trafiki akatusimamisha. Akamwonyesha kijana picha kwenye simu: gari letu, namba inasomeka, mwendo 68. Akasema pale tulipopigwa ni eneo la hamsini. Picha alitumiwa na mwenzake aliyebaki nyuma, kule kwenye mikorosho.

Nikashuka nikauliza, "Afande, kibao cha hamsini kiko wapi?" Akasema kipo, mmekipita. Hakunitolea lugha mbaya, na mimi sikumtolea. Mashine ikatoa karatasi ya elfu thelathini yenye namba ya malipo na tarehe ya mwisho. Kijana hakusaini popote. Afande akaniambia kama siridhiki mahakama zipo, lakini kwa elfu thelathini nitapoteza siku nzima bure.

Jioni tukirudi nilimwambia kijana apite taratibu tuangalie. Mzee wangu, nguzo tuliiona, imesimama kwenye nyasi na matundu yake ya skrubu. Kibao hakipo. Ukitokea Masasi, upande wa pili wa kijiji, kibao kipo na kinang'aa. Sisi tuliotokea Mingoyo tungejuaje?

Madereva wa stendi wamenichanganya kabisa. Wapo wanaosema nilipe tu yaishe, maana mbishi hukaliwa njiani kila siku. Mmoja anasema siku nyingine nimalizane nao palepale, itakuwa nafuu. Mwingine anataka kijana aende akaseme tochi ililipata basi lililokuwa linatupita. Ni kweli maeneo yale basi lilitupita, lakini kijana mwenyewe ananiambia mshale wake ulikuwa kwenye sitini na kitu.

Naomba unieleze. Nikilipa naweza kulalamika baadaye? Kukosekana kwa kibao kunatuokoa au hakutuokoi? Na nikikataa kulipa, gari halitakamatwa nikakosa hata hicho kidogo? Elfu thelathini naiweza. Kinachoniuma ni kijana kuandikwa mkosaji kwa kitu ambacho hakuoneshwa.

Mama Ng'onda, Lindi

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa usumbufu.

Usilipe bado. Swali lako la kwanza ndilo zito kuliko yote, na watu wengi wanaponzwa hapo. Ile karatasi watu huichukulia kama hukumu, nayo haijawa hukumu. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, kinampa dereva nafasi ya kukubali kosa na kulipa faini iliyopangwa ili jambo lisifike kwa hakimu. Asipokubali, haki yake ni kesi yake kusikilizwa. Kwa hiyo mwenye kulipa amekubali kosa. Ukienda kesho yake na malalamiko ya kibao, utaulizwa kwa nini ulilipa, na kusema kweli jibu la kuwaridhisha hutakuwa nalo.

Lakini usikae kimya pia. Deni hilo limefungwa kwenye namba ya gari, na tarehe ikipita linaongezeka. Trafiki yeyote, uwe Nangurukuru au Masasi, akiingiza namba yako kwenye mashine ataliona na atakusimamisha, hata kama kisa chenyewe hakijui. Asiyekubali kosa anapaswa kusema hivyo kwa maandishi, mapema, na abaki na ushahidi kwamba amesema. Barua hiyo nitakuja kuieleza.

Sasa kibao. Hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, maana madereva wengi wanaamini kwamba pasipo kibao hapana kosa, na sivyo ilivyo. Kifungu cha 51 cha sheria hiyohiyo kinaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye miji, vituo vya biashara na maeneo ya makazi. Ukomo huo umewekwa na sheria yenyewe. Kama kijana angepigwa tochi katikati ya kijiji, nyumba kushoto na kulia na watoto wa shule wanavuka, ningekuambia ulipe leo, kibao kiwepo kisiwepo, maana dereva anayeona nyumba ameshaambiwa. Na ule ukomo wa 80 unaousikia unahusu mabasi na magari ya mizigo yenye uzito wa jumla unaozidi kilo 3,500. Kirikuu haimo.

Kinachokupa nguvu ni mahali gari lilipokuwa picha ilipopigwa. Umeniambia ni kwenye mikorosho, kabla ya nyumba ya kwanza. Kama ni hivyo, pale si eneo la makazi kwa kutazama. Mtu anayesema palikuwa pa hamsini inabidi ategemee kibao: kwamba kilikuwepo, kikiwatazama wanaotokea Mingoyo, na kwamba gari lilikuwa limeshakipita. Nguzo tupu haimwambii dereva kitu. Kibao cha upande wa Masasi nacho kinawaelekea wanaotoka Masasi, na hakuna dereva duniani anayeweza kusoma kibao kilicho mbele yake kwa umbali wa kijiji kizima huku kimempa kisogo. Msimamo wenu uko hapo, na ushikilie hapo tu.

Nasema hapo tu kwa sababu ya habari ya basi. Achana nayo kabisa. Ni kweli kwamba kifaa cha aina ya rada hutoa wimbi pana na kinaweza kuchanganya magari mawili yaliyo karibu, na kwamba kile cha mwanga huwa na alama ya shabaha kwenye picha inayoonyesha gari lililolengwa. Mtu ambaye kweli alikuwa kwenye 45 angekuwa na haki ya kuomba picha itazamwe vizuri. Kijana wako anajua alikuwa kwenye sitini na kitu. Akisimama kizimbani akaapa kwamba aliyekimbia ni basi, atakuwa ameapa uongo, na hakimu akiushika uongo huo hatamwamini hata atakapoeleza ukweli wa nguzo. Mnao ukweli unaotosha. Wala msianze kubishania kwamba tochi ilielekezwa kwa pembe, kama wanavyopenda kusema vijana wa stendi. Pembe hiyo hupunguza mwendo unaosomeka, haiongezi. Ingekuwa inamsaidia dereva.

Na la kumalizana palepale, mwanangu, usilifanye leo wala kesho. Kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, anayetoa na anayepokea wote wana kosa. Akikuomba mtu, namba ya TAKUKURU ni 113 na kuipiga ni bure. Mimi huwa nawasikitikia wafanyabiashara wadogo waliozoea njia hiyo, kwa sababu kila wanapotoa wanajiwekea bei ya safari inayofuata.

Kazi yako ya wiki hii ni picha. Rudini pale mapema, kabla mtu hajaja kufunga kibao kipya. Kibao kipya kikifungwa ni jambo jema kwa wapita njia wote, ila kesi yenu itakuwa imepoteza macho yake. Simamisheni gari mahali salama nje ya lami. Piga picha ya nguzo kutoka mbali, kwa urefu wa macho ya dereva, ukiwa unatazama upande wa Masasi kama mlivyokuwa mkienda siku ile. Kisha sogea hatua kwa hatua hadi matundu ya skrubu yaonekane. Geuka upige mikorosho pande zote mbili. Nenda hadi nyumba ya kwanza, upime umbali kwa kisoma kilomita cha gari au kwa hatua zako, uandike. Kama kuna nguzo ya kilomita karibu, iingize kwenye picha, maana mikorosho inafanana na mtu anaweza kusema umepiga ya Nachingwea. Washa eneo kwenye simu ili picha ibebe mahali na tarehe. Usiiguse nguzo, usiisimamishe kama imelala, usifyeke nyasi zinazoifunika. Iache ionekane kama dereva anavyoiona. Picha hizo usizifute kwenye simu hata baada ya kuzichapisha.

Halafu pita ofisi ya kijiji, ukamsalimie mtendaji na mwenyekiti. Waulize kibao kilitoka lini. Watu wa kijiji hujua: kama kiligongwa na lori la korosho msimu uliopita, au kama kiling'olewa usiku na watu wa chuma chakavu, wao ndio walioamka wakakuta hakipo. Akikubali mtendaji kuandika barua yenye mhuri, ishukuru na uitunze. Lakini muulize pia kama yuko tayari kuja kusema mwenyewe, kwa sababu mahakamani barua ya mtu asiyekuwepo hupingwa kirahisi. Aliyekiona kibao hakipo kwa macho yake ni shahidi mzuri kuliko karatasi yoyote, na wewe mwenyewe ni mmoja wao, kwa kuwa ulikuwa ndani ya gari.

Hapo nikukumbushe jambo ambalo sijui kama umeliwaza. Gari ni lako, ila mguu uliokanyaga mafuta ni wa kijana. Mshtakiwa atakuwa yeye. Deni linakuandama wewe kwa sababu limekaa kwenye namba ya gari, lakini wa kukubali au kukataa kosa ni dereva. Kaa naye, umsikilize. Kama anaogopa au hataki, usimsukume kizimbani kwa uchungu wako wewe shangazi yake.

Akikubali, barua iandikwe kwa jina lake, kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya mlikosimamishwa, nakala kwa wa mkoa wa Lindi. Iwe fupi: namba ya ile karatasi, namba ya gari, tarehe, saa na mahali. Aseme hakubali kosa kwa sababu mahali picha ilipopigwa hapakuwa na kibao cha ukomo wa mwendo kwa anayetoka Mingoyo, na si eneo la makazi. Aombe waende wakaone, na aombe deni lifutwe au apelekwe mahakamani. Ambatanisha picha. Usimwandike afande vibaya, maana umesema mwenyewe hakukutukana, na inawezekana kabisa kwamba yeye aliyekaa kijijini hajui kuwa kibao kimetoka. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo kijana aiweke garini pamoja na leseni. Trafiki mwingine akiliona deni kwenye mashine, kijana amwonyeshe kwa adabu. Haifuti deni, lakini inaonyesha kwamba dereva hajakimbia.

Mambo mengi ya aina hii huishia hapo, ofisini, wakubwa wakikubali kwamba nguzo haina kibao. Wasipokubali, itaandaliwa hati ya mashtaka na kijana ataitwa. Sitakuficha gharama yake. Ni siku za kazi, ni nauli kama gari liko safarini, na kesi inaweza kuahirishwa shahidi asipofika. Tena hakimu akimtia hatiani halazimiki kuishia kwenye ile elfu thelathini, anaweza kutoza zaidi. Ndiyo maana nakuambia picha kwanza. Kama picha zitaonyesha nyumba tatu nne karibu na nguzo ambazo asubuhi ile hamkuziona kwa sababu ya miti, lipeni na mshukuru kwamba hamkugonga mtu. Kama zitaonyesha ulivyonieleza, mimi ningekwenda.

Mkifika mahakamani, kuna kosa moja la maneno ambalo limewaponza wengi waliokuwa na haki. Mashtaka yakisomwa, hakimu atauliza kama ni kweli au si kweli. Mtu muungwana hujibu, "Ni kweli mheshimiwa nilikuwa mwendo huo, ila kibao hakikuwepo." Anadhani amejieleza, kumbe ameanza kwa kukiri. Hakimu makini ataliona lile "ila" na kuandika kuwa amekana, lakini kwa nini mbahatishe? Kosa linalosomwa ni la kuzidisha mwendo uliowekwa mahali pale, na yeye anapinga kwamba uliwekwa. Ajibu, "Si kweli." Maelezo yana zamu yake.

Baada ya hapo mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka, na ni kuthibitisha pasipo kuacha shaka ya maana. Kijana atapewa nafasi ya kumuuliza shahidi maswali ya dodoso. Yasiwe mengi na yasiwe ya hasira. Afande aliyewasimamisha hakuona mwendo, aliona picha kwenye simu. Aliyeshika tochi ndiye anayeweza kusema alisimama wapi, gari lilikuwa wapi, na kibao kilikuwa wapi siku hiyo. Kama hajaletwa, kijana amwambie hakimu hivyo. Kama ameletwa, amuulize: wewe mwenyewe asubuhi ile ulikiona kibao kwa upande wa wanaotoka Mingoyo? Aulize na kifaa kilihakikiwa lini mara ya mwisho, na kama kumbukumbu za uhakiki zipo. Ile picha iliyosafiri kutoka simu hadi simu ni ushahidi wa kielektroniki. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama, inapopima uzito wake, iangalie kama namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyotumwa inaaminika. Kijana hana haja ya kukariri namba za vifungu. Inatosha kuuliza picha ilitoka wapi na ilipita mikono ya nani.

Wakili kwa kesi ya ukubwa huu atakugharimu kuliko faini yenyewe. Ulizia wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, kupitia ofisi ya halmashauri yako. Wapo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hawatasimama mahakamani badala yenu, lakini watamsaidia kijana kupanga maelezo yake na kuandika barua.

Kuhusu hofu ya kukaliwa njiani, siipuuzi, maana wewe ndiye unayepita pale na mzigo unaooza. Lakini mwenye barua iliyogongwa mhuri hadi mkoani ameacha alama inayosomeka, na anayetaka kumsumbua atajua hivyo. Wewe hakikisha taa, matairi, bima na stika ziko sawa, mzigo haujazidi, na kijana anaongea kwa heshima.

Kuna barua ya pili, na hii nakuomba uiandike hata kama ya kwanza utaiacha. Iende kwa meneja wa TANROADS, wakala wa barabara, mkoa wa Lindi, kwa kuwa barabara kuu ya Mingoyo hadi Masasi iko chini ya wakala huo. Mweleze nguzo iko wapi, ambatanisha picha zilezile, omba kibao kirudishwe. Umeniandikia kwamba mbele ya mikorosho, kijiji kinapoanza, watoto walikuwa wanavuka kwenda shule. Gari lililo kwenye 68 linakwenda karibu mita 19 kila sekunde. Kwenye 50 ni kama mita 14. Kirikuu iliyobeba ng'onda ikibidi isimame ghafla kutoka 68, breki zina kazi inayokaribia mara mbili ya ile ya 50. Kijana wako alipunguza kwa sababu anayajua mazingira. Lori linalotoka Dar kwa mara ya kwanza, usiku, halijui kwamba baada ya mikorosho kuna kijiji. Nguzo ile tupu inaninyima raha zaidi kuliko elfu thelathini yako, na naamini ukiwaza vizuri nawe itakunyima. Nakala ya barua hiyo, ikiwa na mhuri wa kupokelewa, iunganishe na barua ya polisi.

Mkimaliza picha, nitumie kabla kijana hajasaini barua, nizione. Na kama hati ya mashtaka itatoka, nipe nakala kabla ya tarehe ya kutajwa. Nitataka kuona wameandika kosa limetokea wapi: kijijini mliposimamishwa, au kwenye mikorosho mlipopigwa tochi.